Kutoka Chogo Hadi Bapa: Kwa Nini "TV Mpya Ina Ukungu"

Wadau wa Ruangwa na Nachingwea hawajaisahau TV ya chogo. Zile kubwa zilibebwa na watu wawili. Ikifika kibanda umiza inawekwa mezani, waya tatu za njano, nyekundu na nyeupe zinachomekwa kwenye deki, watu wanalipa, wanabanana. Na picha ilikuwa inaeleweka.

Bara ilichelewa mambo haya. Zanzibar walikuwa na runinga ya rangi tangu 1973, Bara ikasubiri hadi 1994. Kompyuta nazo serikali ilizipiga marufuku kuingizwa nchini 1974. Kwa hiyo kioo kilipofika kusini, kwa wengi kilikuwa chogo tu, na chogo lilikuwa na uungwana wake: halikufungwa na idadi moja ya nukta. Mwale wa elektroni unachora mistari. Kwenye mfumo wa PAL ni 625, yenye picha 576. Monita ya chogo nayo, ukiipa 640 kwa 480 inachora, ukiipa 1024 kwa 768 inachora.

Bapa si hivyo. Nukta zake zimejengwa kiwandani na hazihami: 1366 kwa 768, au 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni 2. Hiyo ndiyo rezolusheni asilia. Ukiiletea picha ya 720 kwa 576, inabidi ibuni nukta zinazokosekana. Hapo ndipo ukungu unapoingia. Na picha ya 4 kwa 3 ikivutwa ijaze kioo cha 16 kwa 9, winga mwembamba anaota mashavu!

Dar es Salaam ilizima analojia Desemba 31, 2012, mikoa mingine ikafuata, ving'amuzi vikaenea. Namungo ya Ruangwa ikapanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, ikafika hadi fainali ya Kombe la FA dhidi ya Simba. Sasa mwenye banda kauza korosho, kanunua bapa, halafu king'amuzi kakiunga kwa waya zilezile tatu. Namba za mgongoni hazisomeki, wateja wanadai bora chogo, naye anaamini kauziwa feki. Kumbe waya hizo hazipitishi HD. Inatakiwa ya HDMI, na king'amuzi chenyewe kiwe cha HD, la sivyo atabadilisha waya bure.

Kwenye stationery ni hadithi ileile. Fundi kapiga Windows bila draiva ya kioo, monita ya 1920 kwa 1080 ikabaki 1024 kwa 768. Mchapaji anasugua macho, anafikiria miwani. Dawa iko kwenye mipangilio ya kioo: weka draiva, kisha chagua namba iliyoandikwa Recommended.

Ila mwenye mkanda wa harusi wa 1998, chogo lake asilitupe. Kwenye bapa bibi harusi haonekani vizuri.