Mwatex na Enzi ya Kitambaa cha Mwanza

Mashabiki wanaofurika uwanja wa CCM Kirumba kuishangilia timu ya Pamba Jiji, iliyorejea Ligi Kuu mwaka 2024, hulitaja kwa sauti kubwa zao la pamba lililoujenga mji huu. Vijana wengi kati yao hawajui kwamba Mwanza haikuishia kununua pamba na kuipakia kwenye behewa. Iliisokota, ikaifuma, ikaivaa.

Awali nguo ilitoka mbali. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilibeba merikani, kitambaa kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts, Marekani. Kisha wakoloni wakahimiza kilimo cha pamba Usukumani, na reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, marobota yakapata njia ya kwenda bandarini Dar es Salaam. Pamba iliondoka ikiwa nyuzi, ikarudi nguo kwa bei aliyopanga mwingine.

Vita vya wakulima vilianzia kwenye mizani. Walilalamika kwamba wanunuzi wanawapunja, basi vyama vyao vikaweka wapimaji wao wenyewe. Paul Bomani, kijana ambaye hakuwa hata na miaka 30, alizunguka vijijini kuviunganisha, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions. Mkulima akapeleka pamba yake kwa chama chake, akiwa ameshaitenga nyumbani, safi upande wake na fifi, ile ya daraja la chini, upande wake. Baadaye shirikisho likamiliki na majineri ya kuchambua pamba. Bila ushirika ule, sioni Mwanza ingepata wapi ujasiri wa kudai kiwanda cha nguo.

Kiwanda chenyewe, Mwanza Textiles, au Mwatex kama kila mtu alivyokiita, kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Mitambo ilitoka Ufaransa, ya kisasa na ya gharama, iliyohitaji wafanyakazi wachache kuliko ile ya Urafiki ya Dar es Salaam, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa China. Wachumi walibishana sana kuhusu viwanda hivi viwili, na walikuwa na haki. Nchi yenye vijana wengi na fedha za kigeni kidogo ilipaswa kujiuliza mapema vipuri vitatoka wapi.

Katika kiwanda cha namna hii robota hufunguliwa, pamba ikapigwa na kupepetwa hadi takataka zitoke, ikachanwa, ikavutwa kuwa utambi laini, kisha ikasokotwa kuwa uzi. Uzi ukikatika, mfanyakazi anauunga kwa ncha za vidole huku mtambo unaendelea kuzunguka. Ndipo zinapofuata mashine za kufuma, kelele zake zikiwalazimisha watu kuzungumza kwa ishara, halafu rangi na chapa. Huo ni ujuzi wa miaka, hausomwi kwenye kijitabu.

Shida zilikuja kwa pamoja: bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ukosefu wa fedha za kigeni, umeme wa kukatikakatika. Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980, nguo za nje na mitumba zikajaa sokoni. Ubinafsishaji ulifuata, na ngurumo za zamani hazikurudi. Majirani zetu wa Ziwa Victoria, viwanda vya nguo vya Kicomi ya Kisumu na Nytil ya Jinja, nao walionja machungu hayo.

Linaloniuma ni kwamba mnyororo ule ulikuwa karibu kukamilika. Mbegu zilizalishwa na watafiti wa Ukiriguru, si mbali na mji. Shamba lipo, majineri yapo, na mpaka leo sehemu kubwa ya pamba yetu inauzwa nje kama nyuzi.

Makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, yametunza ngoma na historia ya Wasukuma kwa miongo kadhaa. Historia ya kiwanda nayo inastahili chumba chake. Halmashauri, vyuo na Bodi ya Pamba wakusanye sasa picha, vitambaa na simulizi za waliofanya kazi kwenye mashine zile, wakati wazee wetu bado wapo wa kuulizwa. Nawe msomaji, kama una shuka au kitenge chenye chapa ya Mwatex kabatini, usikikate kuwa tambara.