Sehemu ya Pili Iko Wapi? Historia fupi ya hadithi za wachawi na wanyonya damu wa mjini

Vijana wenzangu, wa huku kambini na wa nchi jirani, pamoja na kaka na dada wa mashirika mnaotusoma. Tumeshaandika sana kuhusu vita, mipaka na wafalme. Leo naleta historia ya kitu ambacho wengi wetu tunakipenda ila tunaambiwa ni upuuzi: hadithi za wachawi, majini na wanyonya damu wanaoishi mjini katikati ya watu wa kawaida. Zile ambazo kitabu kimoja kikiisha kinafuata cha pili, cha tatu, mpaka unapoteza hesabu.

Wazee wanauliza, hadithi gani hiyo isiyoisha? Wengine wanasema mwandishi anavuta tu ili apate hela. Kuhusu hela hawajakosea. Lakini ukifuata historia unaona jambo lingine: mwendelezo ulikua kwa sababu msomaji alikuwa maskini.

Twende London, miaka ya 1840. Hata riwaya za Charles Dickens zilikuwa zinatoka kwa vipande, kila mwezi kipande kimoja, bei shilingi moja. Kwa mfanyakazi wa kiwandani hiyo ilikuwa hela nyingi. Ndo wachapishaji kama Edward Lloyd wakaanza kuuza kurasa chache kila wiki kwa peni moja. Shilingi ya Uingereza wakati ule ilikuwa na peni 12, kwa hiyo fanya hesabu mwenyewe. Watu waliodharauliwa wakaanza kusoma, na wasiojua kusoma wakasomewa.

Kati ya hadithi hizo kulikuwa na moja ya mnyonya damu aitwaye Varney, yaani mtu wa aina ile ambayo sisi tunaiita mumiani. Ilitoka kati ya 1845 na 1847, ikafika sura zaidi ya 200. Kila Varney akiuawa, mwanga wa mwezi ukimgusa anaamka. Ujanja wa biashara huo, kwa sababu akifa kabisa peni zinakatika. Lakini angalia kilichotokea njiani. Mwanzoni ni mnyama tu wa kutisha. Mwishoni amejichoka, anachukia maisha yake, na anajitupa kwenye volkano ya Vesuvius kule Italia. Sisi tunaoujua mlima Nyiragongo tunaelewa maana yake: hakuna mwezi utakaomfikia humo ndani. Msomaji aliyeanza kwa kumwogopa anamaliza kwa kumhurumia. Kurasa ishirini hazitoshi kumbadilisha mtu hivyo. Urefu ndio uliofanya kazi.

Wakubwa wa wakati ule walisema hizo hadithi za peni zinaharibu vijana. Maneno hayo tunayasikia hadi leo, sindiyo?

Sasa turuke hadi Marekani. Mwaka 1976 Anne Rice alitoa kitabu Interview with the Vampire. Humo mnyonya damu Louis anafanyiwa intavyuu na kijana, anaeleza maisha yake tangu New Orleans. Katika maelezo yake, aliyemharibu ni mwenzake Lestat: mkatili, muongo, mtu wa hovyo. Wasomaji wakakaa miaka tisa na picha hiyo. Halafu mwaka 1985 kikatoka cha pili, The Vampire Lestat, na anayesimulia ni Lestat mwenyewe. Anasema Louis hakueleza yote, na mengine aliyapindisha.

Hapa ndo napenda tusimame kidogo. Sisi tunajua intavyuu ni nini. Tunajua mtu anavyoweza kuandikwa kwenye faili kwa maneno ya mtu mwingine, na faili hilo likatembea bila yeye. Kitabu cha kwanza kinaweza kumhukumu mtu. Cha pili kinampa nafasi ya kujibu. Lestat hakugeuka malaika, bado anaua. Ila sasa tunamjua, na kumjua mtu si sawa na kusikia habari zake.

Mfano mwingine ni Harry Dresden wa mwandishi Jim Butcher. Huyu ni mchawi mpelelezi anayeishi Chicago, kitabu cha kwanza kilitoka 2000. Kwenye cha sita mkono wake wa kushoto unaungua vibaya. Ungedhani kwenye cha saba amepona, si ni mchawi? Hapana. Anavaa glavu, vidole havikunjiki vizuri, na mkono unapona polepole kitabu baada ya kitabu. Katika hadithi fupi, jeraha linaisha na ukurasa wa mwisho. Katika mfululizo mtu anabeba jeraha lake na kesho anaamka kazini nalo. Ninavyoona mimi, hiyo ni kweli kuliko vitabu vingi visivyo na uchawi.

Na Afrika tumo. Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alianza na Akata Witch mwaka 2011, akaendelea 2017 na 2022. Msichana wake Sunny alizaliwa Marekani, anaishi Nigeria, ana ualbino, na kila upande unamuona mgeni. Kitabu hadi kitabu anajijengea mahali pake. Kwa Kiswahili, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ambapo watu wanaogopa mizimu lakini mpelelezi Bwana Msa anatafuta mkono wa binadamu. Bwana Msa akarudi katika Kisima cha Giningi na vingine. Na leo kwenye simu zetu kuna simulizi za majini wa Dar es Salaam, zinazokatwa palepale patamu na neno ITAENDELEA. Ni peni ya London imegeuka bando.

Sasa ombi langu kwa wa mashirika. Mara nyingi kwenye maboksi ya vitabu vya msaada tunakuta cha tatu na cha saba, cha kwanza hakuna. Mtu anaona hesabu ya vitabu imetimia, lakini msomaji amepewa mlango bila nyumba. Tafadhali hesabuni mfululizo kama kitu kimoja. Afadhali hadithi moja kamili yenye vitabu vitano kuliko vipande hamsini vya hadithi hamsini.

Na kwenu vijana: mwenye cha kwanza asikifiche, na aliyesoma cha pili amsimulie mwenzake. Maisha yetu wengi yalikatwa katikati ya sura. Kutaka kujua kinachofuata si upuuzi.