Bunge la 39 la Marekani na Majina Yasiyosomwa

Neno kipindi tumelizoea sana sisi walimu: kengele ikilia kipindi kimeanza, ikilia tena kimekwisha. Kipindi cha bunge nacho hupimwa kwa tarehe, ila kuanza kwake na kukutana kwa wabunge si lazima viwe kitu kimoja. Katika makala haya tumeonelea tukitazame kipindi kimoja ambapo tofauti hiyo ilileta balaa. Hicho ni kipindi cha Bunge la 39 la Marekani, kilichoanza tarehe 4 Machi 1865 na kumalizika tarehe 4 Machi 1867.

Kwa utaratibu wa wakati ule, Bunge jipya lilianza Machi lakini kikao chake cha kwanza cha kawaida kilisubiri hadi Desemba. Katika mwanya huo wa miezi tisa mengi yalipita. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha. Rais Abraham Lincoln alipigwa risasi tarehe 14 Aprili, akafariki kesho yake, na makamu wake Andrew Johnson, mtu wa Tennessee, akashika hatamu. Johnson hakuwaita wabunge. Aliwasamehe Wazungu wengi wa Kusini, akawaacha waunde upya serikali za majimbo yao bila kuwashirikisha Weusi. Mnamo Novemba 1865, jimbo la Mississippi lilipitisha sheria iliyomtaka kila Mweusi aliyeachwa huru awe kila Januari na hati ya kuthibitisha kwamba ana kazi. Mzururaji alitozwa faini, na akishindwa kulipa alikodishwa kwa yeyote atakayemlipia. Utumwa ulitolewa mlangoni, ukaingia dirishani.

Kulikuwa na hesabu nyingine pia, na hii tunamwomba msomaji aifuate polepole. Katiba ya awali iliwahesabu watumwa watano kuwa sawa na watu watatu wakati wa kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi. Baada ya utumwa kufutwa, watano wangehesabiwa watano. Basi majimbo yaliyoshindwa vitani yangejipatia viti vingi kuliko kabla ya kupigana, ilhali watu walioongeza hesabu hiyo hawakuruhusiwa kupiga kura!

Tarehe 4 Desemba 1865 wabunge walikutana hatimaye. Karani wa Baraza la Wawakilishi, Edward McPherson, alianza kusoma majina, jimbo baada ya jimbo, na alipofika kwenye majimbo yaliyokuwa yamejitenga akayaruka. Horace Maynard wa Tennessee, ambaye hata wakati wa vita aliutetea Muungano, alisimama akitaka kusema. Karani hakumpa nafasi. Jambo hilo lilikuwa limepangwa na viongozi wa Chama cha Republican, Thaddeus Stevens wa Pennsylvania akiwa mstari wa mbele. Mwezi uliofuata Georgia ilimchagua Alexander Stephens kuwa seneta, yaani yule yule aliyekuwa makamu wa rais wa waasi. Naye hakupewa kiti.

Tusidhani kwamba wabunge hawa walikuwa malaika. Walihitaji theluthi mbili ya kura ili kuishinda kura ya turufu ya Rais, na katika Seneti idadi hiyo ilikuwa ya kubahatisha. Tarehe 27 Machi 1866 Seneti ilimwondoa John Stockton wa New Jersey, wa chama pinzani, kwa hoja kwamba uchaguzi wake ulikuwa na kasoro. Siku hiyo hiyo Johnson aliukataa mswada wa haki za raia. Tarehe 6 Aprili Seneti ilimshinda Rais kwa kura 33 dhidi ya 15, na tarehe 9 Baraza la Wawakilishi likafuata kwa kura 122 dhidi ya 41. Waliozaliwa nchini, Weusi kwa Weupe, wakatambuliwa kuwa raia, isipokuwa Wahindi Wekundu wasiolipa kodi.

Sheria, hata hivyo, huweza kufutwa na bunge lijalo. Kwa sababu hiyo, Juni 1866 wabunge walipitisha Marekebisho ya 14 ya Katiba, ambayo yaliidhinishwa na majimbo mwaka 1868. Hapa wanafunzi wetu wa tafsiri wana kazi nzuri. Kifungu cha kwanza kinaanza kwa kueleza raia ni nani, kisha kinapofika kwenye ulinzi sawa wa sheria kinaliacha neno raia na kutumia neno mtu. Anayetafsiri pote kwa raia atakuwa amewanyima wageni haki waliyopewa na waandishi. Kifungu cha pili kilitaka kupunguza viti vya jimbo linalowanyima wanaume kura. Kiswahili chetu, chenye yeye mmoja kwa mke na mume, kinatulazimisha hapo kuandika wanaume waziwazi. Na ndivyo ilivyokuwa hata kwao: ilikuwa mara ya kwanza neno la kutaja jinsia ya kiume kutiwa katika Katiba ya Marekani kama sharti la kura, na akina Elizabeth Cady Stanton walilalamika vikali. Wanawake walisubiri hadi 1920.

Mei 1866 Weusi 46 waliuawa katika fujo za Memphis, na Julai mauaji mengine yakatokea New Orleans. Wapigakura wa Kaskazini waliona, na uchaguzi wa mwaka huo ukawapa Republican ushindi mkubwa. Tarehe 2 Machi 1867, zikiwa zimebaki siku mbili, Bunge lilipitisha juu ya turufu sheria ya kuyaweka majimbo kumi ya Kusini chini ya jeshi hadi yaandike katiba mpya kwa kura za wanaume wa rangi zote.

Lakini lilikuwa limekwisha kufanya jambo jingine dogo. Januari 1867 lilitunga sheria kwamba Bunge la 40 likutane tarehe 4 Machi, saa sita mchana, siku ile ile kipindi chake kinapoanza. Wa 39 walipotoka, wa 40 waliingia, na Johnson hakupata hata wiki moja ya kutawala peke yake.