Shauri la Malisho na Wenye Mifugo

Asimamaye Lundo, mwambao wa Ziwa Nyasa, ana maji mbele yake na milima ya Umatengo nyuma yake. Katika milima ile Wamatengo hulima ngoro: hulaza majani yaliyofyekwa katika mistari inayokatana, huyafukia kwa udongo uchimbwao katikati, na mashimo yanayobaki hunasa maji ya mvua yasichukue rutuba bondeni. Kazi hii ilianza kabla ya ukoloni, wala hapana bwana shamba aliyewafundisha. Naitaja kwanza, kwa kuwa wapangaji wengi wa ufugaji walianza na dhana kwamba mwenyeji hajui kuitunza ardhi yake.

Dhana hiyo ilijaribiwa Ukambani, nchini Kenya, mwaka 1938. Mmomonyoko wa udongo ulikuwapo kweli, na hatutendi haki tukiukana. Serikali ya kikoloni ikaona dawa ni moja: ng'ombe wapunguzwe kwa kuuzwa kwa lazima, na kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River kilikuwa tayari kuwapokea. Wakakamatwa kwa maelfu. Haikuulizwa kwa nini malisho yalikuwa finyu, ilhali baadhi yake, kama Milima ya Mua, yalikwisha twaliwa na walowezi. Wala haikufikiriwa kwamba ng'ombe ni mahari, na ni akiba ya mwaka wa njaa. Mwezi wa Julai Wakamba kwa maelfu, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi kumwona Gavana Brooke-Popham, wakakaa huko majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha, uuzaji wa lazima ulikomeshwa.

Na turudi Umatengo. Kati ya 1999 na 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzao wa Japani, walifanya kazi katika kijiji cha Kindimba, wakitanguliza kusikiliza. Kamati ya wanakijiji ikaitwa Sengu, jina la desturi ya kale ambayo kwayo watu wa ukoo walikula pamoja na kukata mashauri yao.

Sheria nayo imeikaribia hekima hiyo: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yataka ardhi ya pamoja, malisho yakiwamo, itengwe kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji.

Hata hivyo, swali moja limebaki. Wafugaji walioondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007 walielekea kusini na mifugo yao, wengi wakafika Lindi. Mchungaji afikaye kijiji kisicho chake hana kiti katika mkutano huo, ingawa ng'ombe wake ndio wanaozungumzwa. Katika sengu watu walikula kwanza, ndipo wakashauriana. Tukianza kuhesabu ng'ombe wa mgeni kabla ya kumkaribisha kikaoni, tutakuwa tumerudia kosa la 1938, na safari hii hatutakuwa na mkoloni wa kumlaumu.