Jiwe Lililotoka Mbali

Ndugu msomaji, ukifika Ifakara utaona bonde la mto Kilombero limetandawaa baina ya milima ya Udzungwa na ya Mahenge. Ardhi ya bondeni ni udongo na mchanga ulioletwa na mafuriko. Ukikuta jiwe kubwa katikati ya mashamba ya mpunga, huna budi kuuliza: nani amelileta?

Swali hilohilo liliwashughulisha wataalamu wa Uingereza juu ya mawe ya kale ya Stonehenge. Katikati ya mawe hayo limelala moja lenye uzito wa tani 6. Kwa miaka mia hivi ilidhaniwa limetoka Wales, kama baadhi ya wenzake. Hatimaye zikapimwa punje za madini zilizomo ndani yake. Katika punje hizo urani hugeuka risasi polepole, kwa kadiri isiyobadilika. Hivyo umri wake hujulikana na kulinganishwa na wa miamba ya nchi nyingine. Mwaka 2024 ikatangazwa kuwa jiwe hilo limetoka kaskazini mashariki ya Scotland, mwendo wa kilomita 750 au zaidi.

Wala usidhani hayo ni ya Ulaya tu. Huko Lothagam, karibu na ziwa Turkana nchini Kenya, wafugaji wa yapata miaka 5,000 iliyopita walijenga makaburi ya pamoja na kusimamisha nguzo za mawe walizozibeba kutoka mahali pengine. Wataalamu walikadiria mwaka 2018 kwamba wamezikwa hapo watu wasiopungua 580, wake kwa waume, wazee kwa watoto. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake, wala haikuonekana dalili ya bwana na mtwana.

Sisi hatuyatukuzi mawe. Jiwe halidhuru wala halinufaishi. Tunatazama mikono iliyolibeba. Jiwe la tani 6 halibebwi na mtu mmoja.

Bonde la Kilombero nalo limejengwa na mikono mingi. Wandamba walikuwako, Wambunga wakaingia katika karne ya 19, baadaye wakaja Wasukuma na ng'ombe wao. Mkulima na mfugaji wakagombea maji na malisho. Ni kweli, mwenye shamba asidhulumiwe. Lakini kumwambia mtu "wewe si wa hapa" si hukumu ya haki, na sisi wa pwani, ambao babu zetu wengine walikuja kwa jahazi na wengine kwa miguu, twaujua uchungu wa neno hilo.

Kumbuka Makureshi walipoijenga upya Al-Kaaba. Kila ukoo ulitaka kuliweka Jiwe Jeusi peke yake, hata damu ikakaribia kumwagika. Mtume Muhammad (S.A.W.), kabla ya kupewa utume, akaliweka juu ya nguo, kila ukoo ukashika upindo, wakalinyanyua pamoja, naye akalitia mahali pake kwa mkono wake.

Basi ndugu yangu, usimwulize jirani yako ametoka wapi. Mpe upindo ashike.