Fikra Zilizofichika na Historia ya Lugha za Babati

Wanahistoria wamezoea kuuliza ni nani aliyeamua jambo fulani, na kwa sababu gani. Swali hilo ni jema, walakini yako mambo makubwa ambayo hakuna mtu aliyeyaamua, nayo yametendwa na wote. Makala haya yakusudia kuonyesha ya kwamba lugha za pande za Babati zashuhudia mambo ya namna hiyo.

Habari ya fikra zilizofichika, yaani zile zinazomwongoza mtu pasipo yeye mwenyewe kuzitambua, yajulikana hasa kwa jina la Sigmund Freud, mganga wa Vienna. Katika kitabu chake cha mwaka 1901 alieleza ya kuwa ulimi huteleza kwa sababu ya haja ambayo nafsi imeizuia. Wanalugha walishika njia nyingine. Mwaka 1911 Franz Boas, huko Marekani, aliandika kwamba mafungu ya sarufi hayaingii katika mawazo ya msemaji. Mwaka 1927 Edward Sapir, aliyekuwa mwanafunzi wake, akaongeza kwamba mwenendo wa watu katika jamii pia hufuata mipango wasiyoweza kuieleza. Fikra za namna hii hazikufichwa na aibu wala hofu. Zimefichwa na mazoea.

Sasa natuitazame Babati, mji ulio chini ya mlima Kwaraa, ambao ni makao makuu ya mkoa wa Manyara uliofanywa mwaka 2002. Kigorowa na Kiiraqw ni lugha za Kikushi. Kidatooga ni ya Kinailoti. Kimbugwe, na Kirangi cha upande wa Kondoa, ni za Kibantu. Na mbali zaidi ziko Kisandawe na Kihadza zenye sauti za vidoko. Ni nadra kuona asili nyingi hivi zikikaribiana katika nchi moja.

Katika lugha nyingi za Kibantu, kitenzi kisaidizi hutangulia kitenzi kikuu, kama tusemavyo "tutakuja kulima." Lakini Kirangi, katika nyakati zijazo, hutanguliza kitenzi kikuu, kana kwamba mtu angesema "kulima tutakuja." Kimbugwe nacho kina mpango kama huo. La ajabu zaidi ni kwamba Mrangi akiuliza swali lenye neno la kuulizia, au akikanusha, hurudia mpango wa kawaida wa Kibantu. Mtoto huishika kanuni hii kabla ya kwenda shule, na mzee aliyeitumia maisha yake yote hawezi kuitaja.

Wako wataalamu wanaohusisha mpango huo na ujirani wa siku nyingi na Wakushi. Roland Kießling, Maarten Mous na Derek Nurse, katika makala yao ya 2008, wameieleza nchi hii ya Bonde la Ufa kuwa eneo la lugha zilizoathiriana. Wengine waona kwamba mabadiliko ya ndani ya Kibantu chenyewe yalichangia. Kwa vyovyote, hakuna anayedai ya kuwa baraza la wazee lilikaa likaupitisha. Anayekopa neno kwa jirani aweza kujua kwamba amekopa; anayekopa mpango wa sentensi hana habari. Kwa hiyo sarufi huweza kutunza kumbukumbu za ujirani, ndoa na biashara ambazo masimulizi yamezisahau.

Jambo hili si la kale tu. Tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, wazazi wengi wamezidi kukitumia nyumbani. Serikali iliamua juu ya shule. Juu ya meko hakuna aliyeamua. Mama amwitaye mwanawe kwa Kiswahili leo, na kesho tena, hakukusudia kuiacha lugha ya bibi yake, walakini wingi wa miito hiyo waweza kuleta mwisho ambao hakuna aliyeutaka.

Sisi tunaokitumikia Kiswahili tuna wajibu hapa. Lugha tunayoikuza ndiyo inayojaza nafasi hiyo. Ikiwa sarufi za Kigorowa na Kimbugwe hazitaandikwa kwa ukamilifu wasemaji wake wangalipo, tutapoteza ushahidi usioweza kupatikana kwa kuuliza maswali, kwa kuwa waliouweka hawakujua kwamba waliuweka.