Safu ya Lugha: Kighana si lugha

Watangazaji wetu wamezoea kutuambia kwamba "akwaaba" ni "karibu" kwa Kighana. Hapana. Neno hilo ni la Kiakan, lugha ya Waasante, Wafante na ndugu zao. Ukifika Tamale, kaskazini, Wadagomba watakukaribisha kwa "maraaba", neno lenye asili ya Kiarabu, ndugu wa damu wa marahaba yetu. Wenyeji wa asili wa Accra ni Waga, na lugha yao ni Kiga. Mashariki, hadi ng'ambo ya mpaka wa Togo, watu husema Kiewe.

Ghana ni jina la nchi. Lilichukuliwa wakati wa uhuru, mwaka 1957, kutoka dola ya kale iliyokuwa mbali kaskazini, katika Mali na Mauritania ya leo. "Mapishi ya Kighana" ni sawa kabisa, na "mavazi ya Kighana" pia, maana hapo tunataja mtindo wa watu wa nchi hiyo. Lakini anayezungumza, anazungumza Kiakan, Kidagbani cha Wadagomba, au Kiingereza kilicho lugha rasmi. Na "Kinaijeria" ni kosa lilelile: kule kuna Kihausa, Kiyoruba, Kiigbo na mamia ya lugha nyingine.